Manyoya ya Shingo

Newala, 4 Machi 2023

Baba, shikamoo. Habari za Mufindi na baridi yake? Sisi wazima, Mama naye mzima.

Manyoya uliyoomba nimempa kondakta wa basi: matatu ya shingo, ya yule jogoo mwekundu. Alinidonoa, mshenzi yule! Mama hana mbavu kwa kucheka, kusikia wageni wa hoteli yenu wanamvua samaki kwa nzi wa manyoya, kisha wanamrudisha majini. Sisi huku dagaa tunamla na kichwa chake.

Baba, nimeposwa. Ni Muharami, wa Tandahimba. Nataka uniozeshe wewe, kwa mkono wako. Jogoo hachinjwi mpaka ufike.

Binti yako, Yasmini


Mufindi, 2 Aprili 2023

Mwanangu, marahaba. Mimi mzima, alhamdulillahi, macho tu yanaanza kunichezea. Hongera mno! Nimelia, sikufichi.

Manyoya ni mazuri. Nazungusha unyoya kwenye ndoana ndogo kama punje ya mpunga, nakaza kwa uzi, vinywele vinasimama pande zote. Ndivyo nzi anavyoelea. Ya jogoo mchanga ni laini, yanalowa, nzi anazama. Huyo wako mzee ndiye hasa.

Niliaga naenda msimu mmoja kutafuta bati za nyumba, ikawa miaka kumi na moja. Safari hii nakuja. Niongezee matatu.

Baba yako, Faruku


Newala, 18 Juni 2023

Baba, shikamoo. U mzima? Sisi wazima.

Ndoa ni Jumamosi, tarehe 12 Agosti. Uliomba matatu, nimekutumia sita. Jogoo maskini shingo imeanza upara. Mama amekushonea kanzu, kipimo amekisia. Baba, usinitie aibu mbele ya watu. Njoo.

Mwanao, Yasmini


Mufindi, 20 Septemba 2023

Mwanangu, salamu. Najua mlinipigia. Simu niliizima.

Nilikuja. Wallahi nilifika Masasi, Ijumaa ile, kesho yake ndiyo ndoa. Nilikaa stendi na kitenge kimoja mapajani. Mpiga debe akaita Newala, Newala, nikainuka. Nikamwona Fakihi, jirani yetu, anapandisha bati zake juu ya basi. Nikakaa tena. Nitaingiaje mbele ya watu mikono mitupu? Nikapanda basi la kurudi.

Nisamehe, mama. Kitenge chako ninacho. Na manyoya yamekwisha. Ukipata nafasi, nitumie.

Baba yako


Newala, 9 Oktoba 2023

Baba,

Sheikh alingoja mpaka alasiri ikaswaliwa. Kila pikipiki ikilia, nachungulia dirishani. Mwisho Baba mdogo Nurdin akaniozesha. Mama alimpa kanzu yako, ikambana mabega. Jogoo alikuwa amefungwa mlangoni. Mama akasema, "Mchinjeni, watu wana njaa."

Sikuomba bati, Baba. Nimezaliwa chini ya paa la nyasi, nimeolewa chini ya paa la nyasi, na hakuna mgeni aliyeulizia bati. Wote walikuulizia wewe. Masasi mpaka hapa ni mwendo wa saa mbili. Mimi nimekungoja miaka kumi na moja.

Ngozi ya shingo nimeikausha kwa chumvi na majivu, manyoya yote yamo. Kwa nzi wako yatatosha. Jogoo mwingine hatufugi.

Yasmini, mke wa Muharami