Ikisimama Inaleta Joto

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu unauliza kama tumekula, kisha unasema kuna lori limeingia, unakata. Barua haikatwi. Utaisoma hadi mwisho, hata kama umekalia tairi huko Isaka.

Unakumbuka nilivyokuwa nikiketi juu ya ndoo iliyopinduliwa pale gereji yetu Katoro, nikifanya kazi za shule huku wewe ukitengeneza AC za magari? Uliniita nishike mabomba. "Minza, hii nyembamba iwe ya moto, hii nene iwe ya baridi. Zikilingana, kuna ugonjwa." Kisha ulipaka povu la sabuni kwenye maungio, tukangoja viputo. Wateja walitaka ujaze gesi tu waondoke. Wewe uliwaambia gesi si soda, haiishi kwa kunywewa; ikipungua, imetoka mahali.

Nami nilikusumbua kwa ngeli. Ukisema "gari imesimama", nasema, "Gari limesimama, Baba." Siku moja ulicheka mpaka spana ikakudondoka. "Hapa gereji hakuna ngeli, mama. Hapa kuna spana namba kumi."

Halafu likaja gari jeupe la Mama Kulwa, yule anayepeleka chakula kwa wafanyakazi wa kiwanda cha kuchambua pamba huko Bukombe. Alikuambia maneno matatu, akaenda sokoni: "Ikisimama inaleta joto." Ulielewa kwamba AC yenyewe inasimama, inazima na kuwaka. Ukafuatilia nyaya, ukabadilisha rilei, ile swichi ya kuiwasha. Mwisho ukaongeza gesi, ingawa povu halikuonyesha kiputo hata kimoja. Nilikuona unasita.

Aliporudi mara ya tatu ilikuwa mchana, gereji imejaa watu. Alifungua mlango akapaza sauti, "Baba Minza, nilete sufuria? Humu ugali unaiva bila mkaa!"

Watu walicheka. Na mimi nilicheka, Baba. Ulinitazama mara moja tu, ukaanza kufuta spana ambazo zilikuwa safi tayari.

Wiki iliyofuata ulifunga gereji ukaenda Isaka kuziba matairi ya malori. "Tairi likipasuka linaonekana," ulimwambia Mama. Niligundua kwamba siku hiyo ngeli uliipatia, nikashindwa kukuambia.

Mwezi uliopita Mwalimu wa Kiswahili alitufundisha sentensi tata, zile zenye maana zaidi ya moja. Akataka kila mmoja aandike ya kwake. Wenzangu waliandika za kaa na paa. Mimi nilijikuta nimeandika: Ikisimama inaleta joto. Kalamu ikagoma hapo hapo. Kama ni AC, ni "ikisimama". Kama ni gari, lilipaswa kuwa "likisimama", lakini Katoro nzima nani anasema hivyo?

Baada ya shule nilikwenda kwa Mama Kulwa, nikamkuta anaosha masufuria.

"Shikamoo. Lile joto, linakuja AC ikisimama au gari likisimama?"

"Marahaba. Ng'wanone, mwanangu, si nilisema? Gari! Barabarani napata baridi mpaka najifunika kitenge mabegani. Nikifika kiwandani, nikasimama nangoja wafungue geti, basi, jiko!"

Nilimwomba aje na gari kwa fundi Masanja, jirani yetu anayetengeneza rejeta. Fundi aliinama, akaangalia kondensa, ile rejeta ya AC iliyo mbele kabisa. Ulikuwa umeiosha vizuri.

"Safi kama sahani," akasema. "Binti, nenda kasome."

Nikamwambia, "Naomba uangalie na nyuma yake. Baba anasema hewa haikai mbele, inapita."

Alicheka, lakini alilegeza nati za rejeta ya maji akaisogeza. Kicheko kikaisha. Katikati ya rejeta zile mbili kulikuwa na pamba, Baba! Ile inayopeperuka pale kiwandani, ikivutwa na feni kila siku gari linapongoja geti. Imeshikana na vumbi letu jekundu, imekuwa kama godoro. Gari likiwa mwendoni, upepo unajipenyeza kwa nguvu. Likisimama, feni pekee haiwezi.

Alitoa godoro lile vipande vipande, akaosha kwa maji ya taratibu, akaipima gesi kwa geji na kuitoa iliyozidi. Tukaliacha gari linaunguruma juani, limesimama. Nilishika bomba nene. Lilikuwa la baridi, linatoa jasho. Sikuondoa mkono upesi.

Mama Kulwa aliketi ndani milango imefungwa, mpaka akajifunika kitenge mabegani. Akashusha kioo. "Kumbe nilimcheka mtu kwa pamba niliyoibeba mwenyewe," akasema. "Mwambie baba yako nimekosa. Nikimwona nitamwambia mbele ya watu, kama nilivyomcheka mbele ya watu."

Baba, sikulitengeneza mimi. Mikono ilikuwa ya fundi Masanja, na kushika mabomba nilijifunza kwako. Mimi nilileta ngeli tu. Kama ungeuliza swali moja zaidi, au kama mimi ningekuwa nasikiliza badala ya kusahihisha, ungeiona pamba ile siku ya kwanza.

Mama Kulwa ameomba radhi yake. Hii barua ni ya kuomba yangu. Nisamehe kwa kile kicheko.

Mama ameweka ufunguo wa gereji kwenye msumari ule ule. Spana nimezipaka oili zisipate kutu, na ndoo yangu bado imepinduliwa. Njoo useme "gari imesimama" unavyotaka. Nitanyamaza. Ila mteja akisema "ikisimama", niruhusu nimuulize: nini?

Binti yako, ambaye mkono wake bado unakumbuka baridi ile,
Minza