Minyororo ya Pembea ya Mama

Fleti Na. 7, Kenwick Court,
Harrow, London.
14 Machi 1971

Mpendwa mdogo wangu Mwanamwema,

Pokea salamu zetu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Sisi tu wazima, isipokuwa goti la Mama, ambalo bado halijapatana na ngazi za hapa. Nawe u hali gani? Ami Abdulwakil kifua chake kimetulia? Na mtoto je, ameanza kukaa bila kushikwa? Tuandikie kila kitu, hata upuuzi. Huku upuuzi wa Mombasa twaula kama halua.

Uliniuliza kama sasa uipeleke bandarini ile pembea ya Mama iliyokuwa ikining'inia sebuleni, ije kwa meli, maadamu tumepata nyumba yetu. Nitakujibu, lakini kwanza nikuonyeshe nyumba yenyewe.

Ni fleti ya ghorofa ya juu kabisa, katika jengo la miaka ya hamsini. Paa ni bapa, na ukuta mmoja mzima wa sebule ni kioo. Jirani yetu Lila, aliyetoka Kisumu, asema aliyelichora jengo hili aliwahi kuishi Amerika, jangwani, akazipenda nyumba za huko. Basi akaja kuijenga nyumba ya jangwani hapa Harrow, ambapo jua huja kama mgeni mwenye haraka. Mvua ikinyesha, maji husimama juu ya paa, na yakichoka kusimama hushukia kabati letu la nguo.

Jaffar ameishika kazi. Wamjua shemeji yako, Mombasa hakujua nyundo hushikwa upande gani. Sasa ameziba paa, amebandua karatasi za ukutani za rangi ya matope na kupaka rangi nyeupe. Tumenunua sofa la mtumba, la chini, la miguu myembamba. Mimi nalipenda mno. Mama alilizunguka, akalitazama miguu, kisha akaenda kukaa juu ya sanduku lake.

Sanduku hilo ndilo lililoninyima raha. Tangu tufike halifungui ila kutoa nguo ya siku hiyo, kisha hulifunga kamba tena. Alisema atatoa nguo zote humo siku pembea yake itakapotundikwa, kwani nyumba isiyo na pembea ni ya kupita tu. Kila nikiiona kamba ile niliogopa ataamka asubuhi moja aseme anarudi. Na angerudi wapi? Nyumba ya Mombasa tumeiuza, na wewe una ami wa kumuuguza.

Jaffar akamleta Tarsem, seremala Kalasinga aliyetoka Nairobi. Sisi Kipunjabi hatukijui, yeye Kikachi chetu hakijui, basi tukaongea Kiswahili, chake kile cha bara. Alipanda, akagonga dari hapa na pale, akashuka taratibu.

"Mama, hii dari hapana weza," alisema. "Pembea taanguka, wewe taanguka, halafu mzungu ya chini tapata mama ya bure."

Mama alicheka hadi akajifunika uso kwa mtandio. Alipoufunua, alikuwa hacheki tena. Jaffar alitaka pembea itengenezewe fremu ya chuma, Mama akakataa. Alisema hiyo ni ya bustanini.

Nami nikajiandaa kusikia habari ya kurudi. Jumapili nikamkuta ameketi sakafuni, sanduku li wazi, nguo zake zote zimo kabatini. Mapajani ameweka minyororo ya shaba ya pembea, yote minne. Kumbe wewe umetutunzia ubao tu ndani ya gunia. Minyororo aliificha akasafiri nayo, ili pembea isitundikwe na mtu bila yeye.

"Mpelekee Mwanamwema," aliniambia. "Ana mtoto yule. Naitundikwe."

Nililia, na sikujificha. Nilifurahi kuwa anakaa nasi, na iliniuma kuwa harudi tena kwao.

Basi usiipeleke bandarini. Lydia, nesi tunayekaa naye jengo moja, anakwenda likizo Mombasa mwezi ujao, naye atakuletea minyororo. Sanduku tumeliweka mbele ya ule ukuta wa kioo, Jaffar amelitandikia mto, na jua likitoka Mama hukaa hapo.

Nisalimie ami, na umbusu mtoto kwa niaba yetu. Mungu awalinde, na riziki isiwapite mlangoni. Mama akubariki, na ana agizo moja. Mnyororo mmoja hulia pembea ikienda, naye asema usiutie mafuta. Marehemu Baba alikuwa akikaa kwenye pembea akitoka dukani, na Mama akiusikia toka jikoni, ndivyo alivyojua Baba amerudi.

Dada yako akupendaye daima,
Shirin