Pasi Shavuni

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji, na kwamba goti lako limeacha kukusumbua. Sisi huku miili ni mizima, lakini maji yamenifika shingoni. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu ningelia tu, nawe ungenifokea nisimulie vizuri.

Unamkumbuka Chiriku, yule mtoto ambaye ofisi ya ustawi ilitukabidhi tumlee. Jina hilo tulimpa kwa utani, maana alipofika alikuwa haongei kabisa. Siku hizi anaongea mpaka shemeji yako anaomba likizo. Kutwa yuko nami pale ninapofulia, ananipa vibanio, ananyoosha kola kwa kiganja, na kila mteja lazima aambiwe kwamba yeye ndiye dobi mdogo.

Unajua ninavyopima pasi. Mama alitufundisha hivyo: huigusi kwa kidole, unaisogeza karibu na shavu, na joto lenyewe linakuambia kama ni la hariri au la jinzi. Wiki iliyopita nilitoka kuanua mashuka. Nikiwa kwenye kamba, nikamwona kupitia dirisha amepanda kigoda, ameinua pasi kwa mikono miwili, anaipeleka shavuni, uso kaukunja kama mimi nikiwa kazini. Nikapiga ukelele. Ee dada, pengine huo ukelele ndio uliomshtua. Ncha ya pasi ikamgusa.

Tukamkimbiza hospitali, shemeji yako bila viatu. Daktari akalitazama lile jeraha, umbo la ncha ya pasi kabisa, akauliza kulikoni. Kabla sijafungua mdomo, Chiriku akajibu kwamba ameanguka. Akaulizwa ameangukia wapi, akasema ameanguka tu. Moyo ukanipasuka. Ndivyo alivyokuwa akijibu alipotolewa kwa baba yake mdogo, kila alipoulizwa kuhusu alama za mgongoni. Huko alifundishwa kujibu hivyo, na maskini alidhani ananiokoa.

Afisa ustawi alipokuja nilimweleza ukweli wote, nikamwonyesha hata jinsi ninavyoipeleka pasi shavuni. Akaniangalia kama mwehu. Akasema mtoto aliyeungua, kisha akasema ameanguka, kuna mtu anamwogopa. Hapo hata mimi sikubisha. Ni kweli yupo anayemwogopa, ila si sisi. Jirani muuza vitunguu, aliyekuwa akimbeba Chiriku mgongoni, sasa akipita hapa anasema kwa sauti kwamba uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Wateja nao wamekuja kuchukua nguo zao, wengine wameziondoa kambani zikiwa bado mbichi. Loo! Watu hawa hawa walikuwa wakiniita mama.

Juzi ofisi ikatoa uamuzi. Kwa kuwa haijulikani nani kati yetu alimwumiza, mtoto hawezi kubaki. Atarudi kwa baba yake mdogo, ndugu wa damu, ambaye siku zote amekana zile alama na sasa anamdai mtoto wake. Shemeji yako alipiga meza, nusura afukuzwe. Mimi nikauliza, je, ingejulikana ni nani? Afisa akajibu kwa upole kwamba huyo angeondoka nyumbani na asimkaribie mtoto tena, na yule asiye na hatia angeruhusiwa kuendelea kumlea.

Dada, nilisema ni mimi.

Nilisema aliniunguzia shati la mteja, nikapandwa na hasira, nikamchoma. Maneno yalitoka kirahisi mno, mpaka niliogopa mwenyewe. Shemeji yako alitaka kuropoka, nikamkanyaga mguu chini ya meza. Tangu hapo hanisemeshi, ananitazama tu. Kisha Chiriku akaitwa, akaulizwa taratibu kama ni kweli mama alimchoma. Akanigeukia. Nikamwitikia kwa kichwa, naye akasema ndiyo.

Jana nilipokuwa nafungasha, nilimwita anipe kanga yangu. Hakuja. Alijibanza nyuma ya shemeji yako, amelishika shavu. Wakubwa wamemkariria mara nyingi mno kwamba nilimchoma, na nadhani ameanza kuamini.

Nitafika kwako Ijumaa, nisubirie huko wito wa mahakama. Nikisema kweli, anarudi kwa yule mtu. Nikinyamaza, atakua akijua kwamba mimi ndiye niliyemchoma. Nimeshachagua, na inaniuma mpaka mifupani. Kwa hiyo watu wa huko wakikuuliza kama mdogo wako alimchoma mtoto wa watu kwa pasi, nakuomba usinitetee. Itikia tu.

Nisalimie shemeji, na watoto wote uwabusu kwa niaba yangu. Nikifika, ukiona wanaogopa kunikaribia, usiwalazimishe.

Ni mimi kitindamimba wenu,

Dobi