Mwenzangu wa Kiatu

Bwiza, Juni 2003

Kwa mujukuu wangu Valéry,

Utasoma barua hii umesimama, maana mutu asiye na haya hapewi kiti. Sasa nikusalimu, mi nilifunzwa adabu. Hujambo huko Kinindo? Kazi inaendelea? Mi niko muzima. Risasi za milimani zimetulia wiki hii, na muguu wangu wa kuume ungali unanibeba.

Unajua kundi letu la watu waliokatwa miguu, tunaokutana nyuma ya kanisa. Mutu mupya akikatwa, mumoja wetu anaenda kumuona hospitali. Haanzi kwa pole. Anafunua kigutu chake kwanza, mugonjwa akiangalie mpaka achoke, ndipo wanaongea. Tena tunatafutiana mwenzi wa kiatu: aliyebaki na wa kuume na aliyebaki na wa kushoto, nyayo zikilingana, wanagawana jozi moja. Mi tangu nikanyage bomu sikuwa na mwenzi.

Mwezi uliopita Dorothée, mukubwa wa kundi, akanituma kwa mama Mathilde, aliyekatwa muguu wa kuume kwa ugonjwa wa sukari. Nilimukuta amegeukia ukuta, hataki kula. Nikafunua. Akaangalia sana, akaniuliza kama kinawasha. Nikamwambia vinawasha hata vidole visivyokuwepo, mutu anabaki kukuna shuka. Akacheka, kumbe naye alikuwa anakuna. Nikawa narudi kila Jumatano. Sasa anasimama na magongo, na kiatu nilichovaa leo ni chake. Amenipenda, nami nimemupenda.

Juzi akanionyesha picha ya arusi ya binti yake Fabiola. Akaweka kidole juu ya bwana arusi, akasema mukwe wake ni yatima maskini, nyanya aliyemulea alikufa kwa bomu, hata siku ya mahari alisemewa na muzee wa kuazima.

Bwana arusi ni wewe. Siku ya arusi hiyo mi uliniambia unaenda Gitega kikazi.

Nikamwambia mama wa watu pole, nikamurudishia picha, sikumwambia kama nyanya huyo ni mi. Mugonjwa hatwishwi muzigo wa mwingine. Lakini wazazi wako walipouawa, nani alikushika mukono mukatoka Kamenge? Na muguu huu unaouonea haya ulikatika nikifuata mihogo ya kukulisha wewe. Ukanizika ningali ninapika.

Dorothée anakusalimia, na majirani wote. Nisalimie Fabiola, ingawa hanijui.

Jumatano saa nane muchana nitakuwa kando ya kitanda cha mama yake. Njoo na muke wako, simama mbele yao, useme kwa mudomo wako mwenyewe mi ni nani.

Nyanya yako, aliye hai,
Ernestine