Wimbo wa Harusi Yangu Kumbe Ulikuwa Ugomvi

…na ule ushauri wako niliufuata, Mshauri mpendwa, ndiyo maana nimerudi kwako mbio, kwa kuwa mimi ni yule yule niliyekuandikia kabla ya harusi nikiuliza kama ni utovu wa adabu bibi harusi kuchagua mwenyewe wimbo wa kufungulia dansi, ukanijibu nichague, nami nikachagua, na sasa naomba msaada maana nguvu zimeniishia, na jana dukani nimemvalisha mteja miwani ya mtu mwingine akatoka nayo mpaka barabarani.

Nianze na furaha, kwa sababu furaha bado ninayo na sitaki uifikirie vibaya ndoa yangu. Mume wangu anapiga gitaa na kuimba kwenye ukumbi wa chakula wa hoteli, mimi nauza miwani ng'ambo ya barabara, na nilimpenda siku alipokuja na miwani iliyovunjika mkono, akawa anasubiri huku vidole vyake vinagonga meza taratibu, nikahisi moyo wangu unavifuata vidole vile. Mpaka leo akiamka kabla yangu hunichemshia chai na kuniwekea kikombe karibu na mto, na akitoka lazima arudi mlangoni kunitazama tena kama mtu aliyesahau kitu, na mimi najua hakusahau chochote.

Yeye na wenzake wawili wana mtindo wao. Wanachukua nyimbo za panki, zile za gitaa la kukwaruza na mwimbaji anayepayuka kama anagombania foleni ya maji, na zile za nyu-wevu zenye vinanda vya umeme na mapigo ya kukimbizana, walizozipenda wakiwa vijana, halafu wanazitia bosanova, ule muziki wa Wabrazili wa gitaa la nyuzi laini na sauti ya kunong'ona. Wimbo uliokuwa unavunja viti unaketi mezani unakunywa chai. Na wana sharti moja: pigo wanabadilisha, sauti wanashusha, neno hawaligusi. Mume wangu husema ukibadilisha pigo umeazima, ukibadilisha neno umeiba.

Basi katika nyimbo hizo kuna mmoja ulioniteka. Maneno yake nayajua yote, "Kiti changu kiuze, sahani yangu mpe paka, wakikuuliza sema hukuzaa," naweza kuyaimba huku nafuta vioo vya miwani, na naona aibu kuandika hivi, lakini sikuwahi kuyasikiliza hata siku moja. Nilisikia sauti tu, sauti iliyokuwa kama mtu anakufunika shuka asubuhi ya baridi. Nilipomwambia mume wangu kwamba huo ndio wimbo wetu wa harusi alicheka kidogo, akaniambia, "Tuchague mwingine, kipenzi. Huo wa zamani." Nikamjibu ya kale ni dhahabu. Kesho yake akarudia yale yale, nikamziba mdomo kwa kiganja, kwa mahaba, nikidhani anaona haya.

Siku ya harusi baba mkwe aliketi meza ya mbele na koti jipya. Ni fundi wa mabati, amegonga bati maisha yake yote, na kuongea kwake ni kwa kupima kama anayekata bati ghali. Bendi ilipopiga nyimbo mbili tatu za mwanzo aliniinamia akasema, "Huu ndio muziki, mkwe wangu. Mtu anasikia kila neno." Nilifurahi nusura nimkumbatie mbele za watu. Kisha ukaja wetu, wenzake wakapiga, mume wangu akaimba akiwa amenishika kiuno, nami nikafumba macho nikawa siko tena duniani. Nilipoyafumbua ukumbi mzima unapiga makofi na kiti cha baba mkwe kitupu, sahani yake haijaguswa. Tukaambiwa ni tumbo. Tukatuma pole, tukaendelea kucheka.

Majuzi wifi yangu, dada wa mume wangu, alikuja kunisaidia kutundika mapazia. Mimi huku naimba wimbo wangu. Akateremka kwenye stuli, akaniuliza kama namtania. Nikamwambia simtanii, huu si ndio wimbo wa harusi yangu. Akatoa simu, akatafuta, akaiweka juu ya meza, na kilichotoka humo, Mshauri, mpaka sasa masikio yangu hayajapoa. Ilikuwa sauti ya mume wangu akiwa kijana, inapayuka, inapasuka, ngoma zinagongwa kama mlango unavunjwa, na maneno ni yale yale, kiti changu kiuze, sahani yangu mpe paka. Nilikaa sakafuni na pazia mapajani.

Wifi akanieleza. Ule wimbo aliutunga mume wangu mwenyewe na bendi yake ya panki ya ujanani, wiki ile baba yake alipomtolea nje spika na nguo zake mvua ikinyesha. Na maneno si ya kubuni, ni ya mzee. Ndiyo aliyomwambia mwanawe mlangoni: kiti chako nitakiuza, sahani yako nitampa paka, wakiniuliza nitasema sikuzaa. Kijana akayachukua akamgeuzia. Akayapayuka miaka mingi kwenye kumbi, na mzee hakuwahi kwenda kuyasikia, kwa sababu alikuwa akisema makelele anayo ya kutosha karakanani. Baadaye mama mkwe alipougua wakapatana, ila walipatana bila kuongea, walishikana mikono wakaanza kujadili paa linalovuja.

"Ukumbi mzima ulisikia gitaa, wifi," akaniambia. "Baba alisikia maneno. Wewe ulidhani ni tumbo?"

Anasema tangu harusi mzee hajataja jambo hilo, ila amekitoa stoo kile kiti cha buluu cha mwanawe, amekiosha, amekiweka barazani na hataki mtu akikalie, na wifi anaamini sasa anakiuza kweli. Mume wangu hajui lolote, bado anauliza tumbo la baba linaendeleaje. Na wiki ijayo wanakwenda kuurekodi wimbo huo redioni, amesema ni zawadi yangu. Nikimwambia nitamvunja moyo na nitaua wimbo wetu, nikinyamaza mzee atayasikia maneno yake kwenye kila redio ya mtaa. Na kuna hofu nyingine naogopa hata kuiandika. Leo asubuhi aliponiletea chai nilimtazama nikajiuliza, huu upole ni wake kweli, au na yeye ni zile kelele zilizopunguzwa sauti tu?

Nisaidie, nampenda mno.

Bibi Harusi wa Duka la Miwani

JIBU

Mwanangu, barua yako niliisoma, nikaiweka chini, nikaenda kunywa maji, ndipo nikairudia. Miaka yote niliyokaa kwenye kiti hiki nimeletewa mengi, lakini mtu kufungua dansi ya harusi kwa maneno ya kumkana mtoto, hilo ni geni kwangu. Pole. Nimeshtuka pamoja nawe.

Sasa nikugombeze. Nilikwambia uchague wimbo mnaoupenda wote wawili. Hayo "wote wawili" uliyapeleka wapi? Mwenzako alikataa mara mbili, ukamziba mdomo. Mahaba ni mazuri, ila kinywa kinachosema hapana hakizibwi, hata kwa kiganja chenye hina. Na mumeo naye simwachi. Alijua nani ameketi meza ya mbele. Alijipa moyo kwamba mzee ambaye hakumsikia akipayuka hatamsikia akinong'ona. Alikosea. Anayepayuka tunaziba masikio, anayenong'ona tunamsogelea.

Unauliza kama upole wake ni wa kweli. Chai unayoletewa kitandani ilichemka kwanza, mwanangu, ndipo ikapoa ukaweza kuinywa. Unataka mume ambaye hajawahi kuchemka? Yule kijana angeweza kuyasahau yale maneno au kuyabadilisha. Ameyabeba yote, na amehangaika miaka mpaka akapata namna ya kuyashika bila kuungua. Huo si uongo. Ila kuna mtu mwingine aliyeungua pamoja naye, na huyo ndiye anayenitia wasiwasi, si wimbo wako.

Wifi yako anasema mzee anauza kiti. Anayeuza kiti anakipeleka sokoni. Hakioshi, hakiweki barazani, hakatazi watu kukikalia. Aliapa atakiuza, na kumbe miaka yote kilikuwa stoo. Baba mkwe wako ameujibu ule wimbo. Gitaa hana, amejibu kwa alichonacho, na hakuna aliyemwelewa.

Kwa hiyo mwambie mumeo leo. Mchana, kabla hajabeba gitaa kwenda hotelini, mkiwa mmeketi na chakula kimeshaliwa. Usianze kwa kulia, utamfanya akubembeleze wewe badala ya kusikiliza. Mwambie yote, koti jipya, sahani iliyoachwa, na kile mzee alichokuambia sikioni kuhusu kusikia kila neno. Cha mwisho kiwe kiti. Wifi yako msimtume kupeleka wala kurudisha maneno, amefanya kazi yake.

Redioni waende na wimbo mwingine. Wenzake wakinung'unika, awakumbushe sharti lao wenyewe kwamba anayegusa neno ni mwizi. Yale maneno yana mwenyewe, na mwenyewe hajaombwa. Akiyatoa kwa hiari yake, rekodini mpaka mchoke. Akikataa, utakuwa na mume na baba mkwe, na wimbo utapata mwingine. Kama huwezi kuupata mwingine kwa mtu anayerudi mlangoni kukutazama, basi hata miwani ya dukani kwako haitakusaidia.

Halafu simu apige yeye. Si wewe, ingawa najua mzee anakupenda, na si ujumbe wa maandishi. Asiulize habari za tumbo wala za paa. Keti karibu naye, na sauti ikimkwama mshike mkono, mdomo uache wazi safari hii. Aseme haya, bila gitaa na bila kupayuka:

"Baba, nimesikia kiti changu hakijauzwa. Kabla mwezi haujaisha tunakuja, mimi na mke wangu, nije nikikalie."