Punda Anaoga, Mke Amekwenda Tawa

Bi Sauda mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku Kasikeu, naomba unipe shauri upesi kwa maana nyumba yangu inabomoka na hapa hakuna wa kuniambia neno la maana, wote wanacheka tu. Mimi nilikuwa askari, na wakati wa vita vya Habeshi kazi yangu ilikuwa kutunza farasi wa maofisa, kwa hiyo usafi wa mnyama naujua, na niliporudi nikanunua punda wa kubeba maji kutoka mtoni nikampa jina Sajini, na kila asubuhi namwosha kwa sabuni ya mche, nampiga brashi mpaka anang'aa, nywele za shingoni nazikata sawasawa, kwato nazipaka samli, na siku ya soko watu wanaacha biashara zao wanakuja kumtazama.

Sasa mke wangu Kalondu akaanza kulalamika ati maji anayoyaleta na punda yanaishia kwa punda, na samli ilikuwa ya mboga, hayo nikayavumilia, lakini akazidi, akawa anamwekea Sajini vitambaa vya leso kuukuu chini ya tandiko, mnyama akaonekana mbele ya watu kama mwendawazimu aliyevaa matambara, nikavitupa, akaweka vingine, nikavitupa tena. Nikamwambia, "Wewe una wivu na punda." Akanijibu, "Muthama, wewe unaosha tu pale watu wanaona." Bi Sauda, hayo ni majibu ya kumpa mume?

Mimi tandiko silitoi hata usiku, wala nikimwosha, kwa maana askari hakai bila mkanda, lakini siku hizi Sajini ameharibika tabia kabisa, ukimgusa mgongoni ngozi inamtetemeka, anarusha mateke, juzi ametoboa debe la maji, nami nikasema mbele ya majirani kwamba Kalondu ndiye aliyemfundisha ujeuri, basi akafunga mzigo wake akasema, "Haya, kaeni wawili," akaenda kwa mama yake huko Tawa. Ndugu zake wameleta neno kwamba wasiponiona kwao mpaka mavuno ya mbaazi watanirudishia mbuzi wa mahari na mambo yaishe. Mimi mbuzi siwataki, namtaka Kalondu. Je, nimwuze Sajini, au nimngoje mke aje aombe msamaha kwanza? Shukrani ya punda ni mateke, na ya mke nayo nimeiona.

Ni mimi niliyeonewa,
Muthama

*

Bwana Muthama,

Weka gazeti hili chini, nenda kamvue Sajini tandiko, utazame mgongo wake, kisha urudi tuendelee.

Umerudi? Umekiona kidonda? Pole kwa Sajini. Wewe pole yako ingoje kidogo.

Barua yako nimeisoma kwanza nikicheka, maana punda aliyepakwa samli sijawahi kumwona, na marehemu baba yangu alikuwa na punda wa kubebea mizigo ya duka hapa Kitui. Nilipofika kwenye ngozi inayotetemeka nikaacha kucheka. Punda hafundishwi ujeuri na mwanamke, bwana. Mbao za tandiko zinamkwaruza kutwa, sabuni imemkausha ngozi, nawe unamwita mkosefu wa adabu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mke wako alijua, kwa kuwa ndiye anayetembea na huyo mnyama mpaka mtoni na kurudi.

Tena punda si farasi wa ofisa. Maji ya kila siku hayamfai, na huko kwenu hata watu hawayapati ya kutosha! Mwache agaegae mavumbini apendavyo, ndiko kuoga kwake na ndiko kufukuza nzi. Matope yakimkaukia, msugue kwa brashi kavu ya katani, taratibu. Kwato mkwangue mawe kwa kijiti butu kila arudipo mtoni, na samli irudi jikoni. Hicho kidonda chemsha maji, tia chumvi kidogo, yakipoa mwoshe polepole, umkinge na nzi, na asibebe kitu chochote mpaka ngozi ifunge na manyoya yaote. Kikivimba au kikinuka, mwite mganga wa mifugo, usiende kuuliza sokoni. Na tandiko livuliwe kila mzigo ukishushwa. Mkanda hata askari huufungua akienda kulala, au wewe ulilala nao Habeshi?

Kumwuza usimwuze. Atakayemnunua atanunua kidonda, nawe utabaki na tabia ile ile.

Maji sasa atabeba nani? Wewe. Chukua mkanda wa ngozi wa kubebea mizigo, uuvae kipajini kama wafanyavyo wake zenu, ujaze debe lisilotoboka, upande nalo kutoka mtoni mchana kweupe, majirani wale wale waliokusikia ukimtukana wakuone. Watacheka. Waache wacheke, umewazoea.

Kisha nenda Tawa, wala usingoje mbaazi. Nenda kwa miguu, na mbuzi wa wakwe mkononi, Sajini abaki apumzike. Ukifika, habari za vita usizitaje, wala usimsifu punda. Msamaha uombe wewe, tena mbele ya watu, maana ulimkosea mbele ya watu. Mwambie, "Kalondu, nimetazama chini ya tandiko." Ataelewa.

Na kabla hujafika kwao, pitia dukani umnunulie leso mpya, nzuri, wala usinung'unike bei. Ile ya zamani aliichana kwa ajili ya mgongo wa punda wako, na hukumwuliza hata siku moja yeye anajifunga nini.

Bi Sauda