Ubishi wa Mfumo wa Kuwashia

Kariakoo, Dar es Salaam

Dada yangu Candida,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba goti la mama limepata nafuu. Mimi huku Bongo sijambo, ila joto linatukaanga bila mafuta.

Uliniuliza kwenye simu mbona sauti yangu ilikuwa kama ya mtu aliyetoka msibani. Ni ubishi tu, dada. Unakijua kikundi chetu cha watu watano kinachotengeneza Linux ya Kiswahili, yaani mfumo wa kuendeshea kompyuta, kwa ajili ya madukani. Tumegombana juu ya programu moja, ile inayoamka kwanza kompyuta ikiwashwa, halafu inaziamsha nyingine. Yetu ya zamani huziamsha moja moja, kama mama alivyotuamsha kwenda misa ya kwanza. Mpya huziamsha zote kwa mpigo. Megha wa Upanga alisema umeme ukirudi, wateja wa Kariakoo hawasubiri, tuhamie mpya. Ansbert, aliyeiandika ile ya zamani kwa mikono yake, akakataa katakata. Alidai mpya inajiingiza kwenye kila kitu, na siku ikiugua, nyumba nzima inalala njaa.

Ikafika mahali hata chai tunakunywa kwa makundi, mwenzetu Chintan akipitisha maandazi huku na huku kama msuluhishi wa ndoa.

Basi tukaijaribu ile mpya dukani kwa Zulekha, muuza vitenge. Umeme ukakatika, ukarudi, na mashine ikawa tayari kabla hajamaliza kulalamika. Akapiga vigelegele! Lakini risiti hazikutoka. Ni Ansbert, mpinzani mwenyewe, aliyeingia chini ya meza na kugundua kwamba programu ya risiti iliamka kabla ya printa. Akarekebisha, akainuka na vumbi hadi kwenye nyusi, akasema bado anapinga.

Siku ya kura, Megha na Chintan wakataka mpya. Ansbert na Samson, fundi wetu wa nyaya, wakataka ya zamani. Nikabaki mimi. Nikasema mpya. Ansbert akafunga kompyuta yake, akatoka bila kuaga.

Sasa kaa chini, dada. Huyo Ansbert ndiye mwanamume ninayempenda, na nyumbani hakuna anayejua. Jioni nilimkuta ananisubiri nje, nikajua ananiacha. Akasema, "Evelyn, ungenipigia kura kwa kunihurumia, ningetilia shaka kila neno lako jema maisha yangu yote." Kisha akauliza kama baba atapokea wageni Desemba.

Nimemwambia aje. Bado anashikilia kwamba nilikosea, na ile ya zamani ataendelea kuitunza kwa wanaoitaka. Mwandae baba taratibu. Mwambie ni kijana wa Rombo, mbishi, ila hana unafiki.

Nibusie watoto, na mama umpe pole ya goti.

Mdogo wako mwenye furaha,
Evelyn